Maswali ya Wasomaji: Vidukari Hufikaje Shambani?

Tangu mvua za msimu wa kwanza zianze kupungua, barua nyingi zinazoifikia safu hii zinahusu vidukari, wale wadudu wadogo, laini, ambao baadhi ya wasomaji wetu huwaita wadudu mafuta au chawa wa mimea. Tumechagua barua chache tu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa kuwa anayeelewa jibu lake atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya majibu yanayofuata.

*Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Kumi, mashariki mwa Uganda. Msimu huu nilipanda karanga za mbegu ya kienyeji baada ya kumaliza kazi ya mtama, kwa hiyo nilichelewa. Jirani yangu alipanda mvua zilipoanza tu, na karanga zake zimependeza. Zangu zimedumaa; majani ni madogo, yamejikunja na kusongamana kama kichwa cha ufagio, na mengine yana manjano. Afisa kilimo alisema huo ni ugonjwa wa rozeti, unaoletwa na vidukari. Nilikagua shamba na sikuwaona isipokuwa wachache. Nilipiga dawa, nayo haikusaidia. Wadudu hawa walitoka wapi, na kwa nini walimruka jirani wakaja kwangu?* — Mkulima wa karanga, Kumi.

Ndugu mkulima, pole kwa hasara hiyo. Vidukari hawakumruka jirani yako. Kwa maelezo uliyotoa, inaelekea walitua katika mashamba yote mawili, ila walikuta mimea ya umri tofauti, na ardhi ya shamba lako ilikuwa wazi zaidi wakati ule.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Kidukari anayeshambulia karanga na kunde, ambaye wanasayansi humwita Aphis craccivora, akiwa mkubwa ni mweusi anayeng'aa, na watoto wake ni wa kijivu kilichofifia. Katika nchi zenye joto kama yetu, takriban wote unaowaona ni majike, na jike hahitaji dume ili azae. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na watoto hao huzaliwa tayari wakiwa na chembe za vizazi vinavyofuata tumboni. Katika joto la eneo lenu la Teso, mtoto hukomaa kwa muda wa karibu wiki moja, kisha naye huanza kuzaa. Ndiyo maana shamba linaweza kuonekana safi leo, na baada ya wiki chache kila chipukizi likawa limefunikwa.

Wengi wao hawana mabawa, na safari yao ya mbali ni kutembea kutoka mmea mmoja hadi ule unaogusana nao. Lakini wanapobanana, au mmea wanaoufyonza unapoanza kukauka na utomvu wake kupungua, watoto wanaofuata hukua wakiwa na mabawa. Hao wenye mabawa ndio wahamiaji, nao ndio waliofika kwako. Wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, walikuwa wamejihifadhi mahali penye kitu kibichi: katika maotea ya karanga zilizosahaulika ardhini wakati wa kuvuna, katika kunde zilizopandwa kandokando ya vinamasi, au katika magugu ya jamii ya kunde yanayoota njiani. Mahali hapo panapojaa au kukauka, wenye mabawa huondoka.

Kidukari si mrukaji hodari. Kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kushindana hata na upepo mwanana. Anachofanya ni kupaa kuelekea mwanga wa anga wakati wa mchana, hali ya hewa ikiwa ya joto na kavu, kisha hewa humbeba. Safari nyingi huishia karibu, ila upepo ukiwa mzuri anaweza kufika mbali sana, hata kilomita nyingi kutoka mahali alipozaliwa. Kwa hiyo huenda chanzo cha vidukari wako hakikuwa katika kijiji chako kabisa, na hakuna sababu ya kumlaumu jirani.

Baada ya muda angani, mwanga wa juu huacha kumvuta, naye huanza kuvutwa na rangi za mimea, hasa manjano na kijani kibichi. Hapa ndipo umbo la shamba lako linapokuwa na maana. Kidukari aliye juu huiona vizuri miche michache ya kijani iliyozungukwa na udongo mtupu, kwa sababu rangi hizo mbili zinatofautiana sana. Shamba ambalo majani yake yameshaifunika ardhi halimvuti kwa kiwango hicho. Jirani yako aliyetangulia alikuwa na mimea iliyokutanisha majani wakati wahamiaji walipowasili kwa wingi; wewe ulikuwa na miche michanga yenye nafasi kati yake. Ukichunguza utaona pia kwamba mara nyingi mimea ya kwanza kuugua ni ile ya ukingoni, na ile iliyo nyuma ya uzio au mstari wa miti, kwa kuwa upepo hupungua nguvu hapo na kuangusha ulichobeba.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Rozeti si madhara ya kufyonzwa utomvu. Ni ugonjwa wa virusi, na wa ajabu kidogo. Husababishwa na vitu vitatu vinavyotegemeana. Kuna virusi vya rozeti vyenyewe. Kuna kipande kidogo cha chembe za urithi kinachofuatana navyo, ambacho ndicho hasa huleta kule kujikunja na kudumaa. Na kuna virusi vya tatu, virusi saidizi, ambavyo peke yake havileti dalili za maana kwenye mmea, lakini bila kufunikwa na ganda lake vile viwili vya kwanza haviwezi kusafiri ndani ya kidukari. Ni lazima kidukari akae kwenye mmea mgonjwa kwa saa kadhaa akifyonza ndani kabisa, kwenye mishipa ya chakula, ndipo avipate. Baada ya hapo hupita muda kabla hajaweza kuambukiza, lakini akishaweza, hubaki navyo maisha yake yote. Kidukari mmoja wa aina hiyo anaweza kutua kwenye mche mmoja, akaacha watoto wawili watatu, akahamia mche wa pili na kuendelea.

Hilo ndilo jibu la fumbo lako la kuona wachache tu. Ugonjwa uliingizwa na wahamiaji wachache wenye mabawa, kisha watoto wao wasio na mabawa wakautembeza hadi mimea iliyo karibu. Dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza, mara nyingi zaidi ya wiki. Ulipoona majani yamejikunja, mmea ulikuwa umeambukizwa zamani, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayotoa virusi ndani ya mmea. Mmea ukiambukizwa kabla ya kutoa maua, unaweza usikupe hata punje moja. Ukiambukizwa wakati karanga zinajaa, hasara huwa ndogo. Umri wa mimea yako, ndugu yangu, ndio uliokuponza.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na hadi leo ni wa Afrika kusini mwa Sahara, ingawa karanga yenyewe ilitoka Amerika ya Kusini. Ukubwa wa madhara yake ulionekana kaskazini mwa Nigeria mwaka 1975, ambapo takriban hekta 700,000 za karanga ziliharibika katika msimu mmoja. Tunayataja haya ili usidhani kwamba ulifanya uzembe usio wa kawaida. Kuchelewa kwa majuma machache kumewaponza wakulima wengi.

Msimu ujao, panda mvua zinapoanza tu, hata kama itabidi mtama usubiri. Panda kwa mistari ya karibu, na pale mbegu zilipokosa kuota, jaza mapengo upesi. Kabla ya kulima, ng'oa maotea yote ya karanga, na uwaombe walio karibu nawe wafanye vivyo hivyo. Otea moja lenye rozeti mwanzoni mwa mvua ni ghala la ugonjwa. Zaidi ya yote, achana na mbegu ya kienyeji kwa ajili ya shamba la biashara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Serere, ambacho hakiko mbali nawe, kimetoa mbegu za karanga za jina la Serenut, na kadhaa kati yake zilizalishwa makusudi ili zistahimili rozeti. Uliza ni Serenut ya namba ipi inayofaa eneo lako, na usinunue mbegu ambayo muuzaji hawezi kukueleza ilikotoka. Ujue pia kwamba mbegu nyingi za namna hiyo huvikataa virusi bila kumkataa mdudu, kwa hiyo usishtuke ukiwaona vidukari juu ya mmea wenye afya.

*Mheshimiwa, mimi ni mama mkulima wa maharagwe huku Bwera, wilaya ya Kasese. Kila nikiona vidukari weusi kwenye maharagwe, naona na siafu wadogo wakipanda na kushuka kwenye shina. Mume wangu anasema sisimizi ndio wanaowaleta, kwa hiyo tuwaue sisimizi. Ni kweli?* — Mama wa Bwera.

Mama, mume wako amekaribia ukweli, ila hajaufikia. Hao unaowaona inaelekea ni sisimizi, si siafu, na wamefuata chakula. Kidukari hufyonza utomvu mwingi kuliko anavyohitaji, kwa kuwa utomvu una sukari nyingi na lishe nyingine kidogo, na ile sukari ya ziada huitoa kwa nyuma kama matone ya maji matamu. Sisimizi huyanywa. Ukisogeza macho karibu na shina utamwona sisimizi akimpapasa kidukari mgongoni kwa vipapasio vyake, na tone dogo likatokea. Matone yasiyonywewa huangukia majani ya chini, yakayafanya yanate, kisha ukungu mweusi kama masizi ukaota juu yake.

Kwa ajili ya chakula hicho, sisimizi huwalinda vidukari. Huwafukuza wadudu wanaowala, na aina nyingine huweza hata kuwabeba na kuwahamishia kwenye chipukizi jipya. Kwa hiyo wanasaidia kundi kukua na kusambaa ndani ya shamba, lakini walioanzisha kundi ni vidukari wenye mabawa waliokuja kwa hewa. Ukiwaua sisimizi wote na kuwaacha vidukari, utakuwa umefanya nusu ya kazi. Tungekushauri uwatumie kama ishara: asubuhi, fuata mstari wa sisimizi hadi unapoishia, na hapo ndipo penye vidukari hata kama bado ni wachache. Lichume chipukizi hilo ulipondeponde, au uwasugue kwa vidole. Mwanzoni mwa uvamizi, wanapokuwa kwenye mimea michache iliyotawanyika, vidole hufanya kazi nzuri kuliko bomba.

Kuna jambo moja kuhusu maharagwe ambalo hukuliuliza, nasi hatutalinyamazia. Ugonjwa wa batobato wa maharagwe, unaoyafanya majani kuwa na mabaka ya kijani kilichokolea na kilichofifia, husafiri kwa namna tofauti kabisa na rozeti. Virusi vyake hushika kwenye ncha ya mrija wa mdomo wa kidukari, kwa hiyo mdudu huvichukua kwa kuonja mara moja, kwa sekunde chache, na kuviacha kwenye mmea unaofuata kwa muda mfupi vilevile. Kidukari hawezi kuutambua mmea anaoutaka mpaka auchome; hata yule ambaye maharagwe si chakula chake atatua, ataonja, ataruka kwenda mwingine, na njiani ameshaambukiza. Dawa gani itamuua mdudu kwa sekunde hizo? Hakuna, na nyingine humsumbua tu akaruka zaidi. Tena virusi hivi hupita katika mbegu. Mche mmoja uliotokana na mbegu yenye ugonjwa, ukiwa katikati ya shamba, hutosha kuwapa vidukari mahali pa kuchukulia. Ng'oa miche ya namna hiyo mapema, na usihifadhi mbegu kutoka kwenye mimea yenye mabaka.

*Ndugu Mhariri, nalima kabichi milimani Kapchorwa. Nimepiga dawa, vidukari wa kijivu wakafa, lakini baada ya muda mfupi wakarudi wengi kuliko mwanzo. Nikabadilisha dawa, ikawa vilevile. Je, dawa za siku hizi ni bandia?* — Mlima kabichi, Kapchorwa.

Dawa bandia zipo madukani, hilo hatulikatai, na ni vyema ununue katika duka la pembejeo lenye leseni, chupa ikiwa na lakiri yake. Hata hivyo yale unayoyaeleza hutokea hata kwa dawa halali.

Kidukari wa kabichi ana unga wa nta mwilini. Ndio unaomfanya aonekane wa kijivu. Maji ya dawa huteleza juu ya nta hiyo. Pia hukaa ndani ya mikunjo ya majani ya katikati na upande wa chini, ambako dawa ya kuua kwa kugusa haimfikii mtu anaponyunyizia kutoka juu akiwa anatembea haraka. Jike mmoja akipona, kundi linaanza upya. Aidha, dawa nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu huua kila mdudu, wakiwemo wanaokusaidia: wale wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, pamoja na viwavi wao weusi wanaotambaa kati ya vidukari, mabuu ya nzi wa maua, na nyigu wadogo sana wanaotaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Marafiki hawa huchukua muda mrefu kuongezeka tena, ilhali kidukari huhitaji wiki moja hivi. Anayerudi wa kwanza hukuta shamba lisilo na mlinzi.

Kabla ya kupiga dawa tena, ligeuze jani na ulitazame kwa makini. Ukiona vidukari waliovimba, wakakauka na kuwa na rangi ya kahawia, wengine wakiwa na tundu la duara mgongoni, hao wameuawa na nyigu. Ikiwa ni wengi, subiri kwa siku chache. Mvua kubwa nayo huwaangusha vidukari wengi, na unyevu unaofuata huleta ukungu unaowaua. Ikiwa huna budi kunyunyizia, elekeza pua ya bomba chini ya majani na ndani ya moyo wa kabichi, wakati wa jioni nyuki wakiwa wametulia. Maji yenye sabuni kidogo ya maji hulowanisha ile nta na huua wanaoguswa. Yajaribu kwanza kwenye mimea michache, kwa maana sabuni ikizidi huunguza majani. Usirudie dawa ya kundi lilelile kila mara: kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa, basi soma kiambato kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kwani kabichi hiyo italiwa Mbale na Kampala na watu ambao hawajui ulinyunyizia lini.

Mashina ya kabichi mliyoyaacha baada ya mavuno, yale yanayochipua majani madogo, yang'oeni. Vidukari wa msimu ujao wanasubiri humo. Samadi na mbolea ya chumvichumvi zitumike kwa kiasi, kwa kuwa majani yaliyoshiba naitrojeni kupita kiasi ni laini na huwavutia.

*Je, naweza kupanda karanga nilizovuna kutoka shamba lililokuwa na rozeti, au mbegu zitauhamisha ugonjwa?* — Msomaji, Arua.

Rozeti haipiti katika mbegu. Karanga ulizovuna hazitauhamisha, ingawa punje kutoka mimea iliyodumaa huwa nyembamba na huota vibaya, kwa hiyo chagua zilizojaa. Usilitumie jibu hili kwa maharagwe, ambayo tumeyaeleza hapo juu.

*Babu yangu huchanganya karanga na maharagwe katika shamba moja. Wenzangu vijana tunamcheka kwamba ni kilimo cha zamani. Kuna faida yoyote?* — Kijana wa Busia.

Kijana wetu, acheni kumcheka babu. Majaribio yaliyofanyika Malawi miaka ya 1970 yalionyesha kwamba karanga zilizochanganywa na maharagwe zilipata rozeti kidogo kuliko zilizopandwa peke yake. Sababu mojawapo ni vinyweleo vilivyo kwenye majani ya maharagwe, vyenye ncha zilizopinda kama ndoana: kidukari anayetembea juu yake hunaswa miguu na kufia hapo. Sababu nyingine ni kwamba maharagwe huota na kutanua majani upesi, yakaifunika ardhi mapema. Palizi ya shamba mchanganyiko ni ngumu zaidi, na maharagwe yakisongamana mno yatazinyima karanga mwanga, hivyo mwombe akuonyeshe nafasi anazoacha kati ya mistari.

Ukitaka kujua vidukari wanafika lini huko kwenu, weka bakuli la plastiki la rangi ya manjano ukingoni mwa shamba, sawa na urefu wa mimea, ulitie maji na tone la sabuni. Wahamiaji wataifuata rangi hiyo na kuzama. Litazame kila asubuhi tangu siku miche inapochomoza, uandike idadi na tarehe, na ulinganishe msimu huu na ujao. Tarehe hizo ndizo zitakazokuambia kama ulipanda mapema vya kutosha.